Taa Isiyomwona Aliyekaa

Mie si mtu wa kukaa. Nalisema mapema asije mtu akanisingizia utulivu nisiokuwa nao. Mama, Mungu amrehemu, alizoea kuniuliza kama nimekalia siafu. Hata nikishona, mguu mmoja uko kwenye cherehani, mwingine tayari unaelekea mlangoni kuona nani kapita. Fundi wa kukaa nyumbani kwetu alikuwa baba. Duka lake la vitambaa alilifunga zamani, lakini baraza yetu hapa mtaani Dunda hakuifunga. Kila Magharibi ikishaswaliwa aliketi pale akazungumza hadi Isha, akaenda msikitini, akarudi, akaendelea pale pale alipoachia. Watu walimtania kwamba mzee yule akianza na bei ya khanga anamalizia na habari za kiyama, na ukiondoka katikati anakuwekea akiba ya kesho.

Kisha kikampata kiharusi. Kilimkuta asubuhi akijifunga kikoi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaenda yote. Yote! Mtu aliyekuwa anaweza kumsimamisha mpita njia mwenye haraka ya mazishi, sasa ananitazama kama mtu aliyesahau ufunguo ndani. Hospitali walituambia tusikate tamaa, maneno ya mazoea huenda yakarudi kabla ya mengine. Basi nikayangoja ya mazoea. Nikangoja bismillahi, ikamkwama. Nikangoja aitikie salamu ya dini. Akafika nusu, akafunga kinywa, machozi yakamlengalenga. Tangu hapo sikumlazimisha tena.

Neno lilirudi lenyewe, jioni. Nilikuwa nimemtoa barazani nikamwegemeza kwenye mito, maana ndani alikuwa akishinda kuutazama ukuta tu. Shoga yangu wa nyumba ya mkabala alikuwa amekaa mwisho wa baraza yetu na jiko lake, anachoma vitumbua kama kila siku. Wakapita mabinti wa madrasa, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo babu!" wakasimama kungoja vitumbua vyao. Vitumbua vina subira yake, haviivi kwa kuvitazama. Walipokuwa wamesimama pale, nikasikia nyuma yangu:

"Marahaba."

Polepole, limevutwa kama ndoo ya kisimani, lakini zima, hakuna herufi iliyovunjika. Shoga yangu akaachia upawa. Mie nikalia mbele za watu, na sioni haya kusema. Tangu siku ile mtaa mzima ukajua kwamba mzee ana neno lake moja, na neno hilo halitoki peke yake, lazima umletee shikamoo. Ukimletea, uwe na subira, usimwamkie na kisogo umeshampa. Watu walikuja. Wengine walizunguka njia makusudi. Wakipita wakinunua kitumbua, wakikaa kidogo na kahawa, wakiamkia, wakingoja. Jioni nzuri baba alikuwa akisema neno lile mara nyingi hata sauti ikamkauka, na asubuhi nikimwamkia mimi alinijibu upesi kuliko jana yake.

Kaka yangu wa Dar es Salaam ndiye hakuamini. Alikuja siku za hospitali, baba akiwa kimya kabisa, akarudi kwenye ghorofa yake na kimya kile kichwani. Nikimpigia simu na kuiweka sikioni mwa baba, baba huiangalia tu. Kwake salamu ni ya uso kwa uso, si ya kitu cha kubandikwa shavuni. Kaka akawa ananiambia, "Dada, unasikia unachotaka kusikia. Mwache aje kwangu, kuna lifti, kuna madaktari karibu, kuna kamera ya kumwangalia nikiwa kazini." Kamera! Nikamuuliza kamera hiyo itamwamkia? Tukakata simu kila mmoja na hasira zake.

Hapo ndipo zilipokuja taa.

Nisiwe mchoyo wa haki: tulizitaka. Mtaa wetu ulikuwa kiza kitupu. Bodaboda zikipita unajibana ukutani ukisoma shahada. Wakaja watu wa mradi, vijana wenye heshima zao, na nguzo za kisasa zenye sola juu na betri ndani. Kila nguzo ilikuwa na kitu kidogo cheusi, wao wakikiita kihisi, sisi tukakiita jicho. Jicho likiona mtu anapita, taa inawaka mbele yake. Likikosa mtu, taa inazima, betri inapumua. Nguzo zote zinazungumza na kompyuta mjini, na kompyuta inajua mtaa gani una watu saa ngapi, ili mji usipoteze umeme kuangazia paka. Nikasema sawa, akili hiyo. Mie mwenyewe sipendi kitu kipotee bure, hata vipande vya kitambaa nashonea mito.

Siku ya majaribio tulialikwa wote. Tukatembea mtaa mzima, wazee kwa watoto, taa zikituwakia mbele na kuzima nyuma kama mtumishi anayefungua na kufunga milango. Tukapiga makofi. Kuna aliyepiga kigelegele. Mwenyekiti wa mtaa akauliza kama kuna mwenye swali, tukasema hatuna, zifungwe hata leo. Sasa nikikumbuka nataka kujipiga kofi. Sisi watu wa pwani, kazi yetu ya jioni ni kukaa, na siku ya kujaribu taa za jioni hakukaa hata mmoja! Baba peke yake ndiye aliyekaa, ndani, maana nilisema asipigwe na vumbi.

Jioni ya kwanza tumekaa barazani, taa inawaka, raha mustarehe. Mara, pu! Kiza. Shoga yangu akasema umeme umekatika, nikamwambia hii haina umeme wa kukatika. Akanyanyuka kutazama, taa ikawaka. Akakaa. Baada ya kitambo, pu! Tukacheka wee. Jicho lile lilikuwa halimwoni mtu aliyetulia. Kwalo, mtu ni anayekwenda.

Ikawa ndiyo maisha. Mtaa mzima umekaa barazani unapunga mikono kama unafukuza nzi. Mtu yuko katikati ya hadithi ya maana, ya ndoa kuvunjika, taa inazima, anayesimulia anarusha mkono juu, inawaka, anaendelea. Wacheza bao wakajifunza kutupa kete kwa mbwembwe. Mwanzoni ilikuwa mzaha, kisha ikawa kero, kisha watu wakaanza kuhama. Muuza kahawa akahamia barabara kubwa, penye pirikapirika, taa hazizimi. Shoga yangu akavumilia mpaka mafuta ya moto yalipomrukia kizani, naye akabeba jiko lake. Sikumlaumu. Nilimwambia nenda, na nilipoingia ndani nikafumua pindo nililokuwa nimelishona sawasawa, nikalishona upya kwa hasira.

Na baba je? Mkono mmoja umelala, wa pili mzito. Atapunga nini? Akabaki amekaa kwenye kiza chake. Anayepita taa inamwakia ghafla, na mbele yake, kufumba na kufumbua, mzee wa kanzu nyeupe ametulia tuli anamtazama. Toba! Binti mmoja wa madrasa alitupa juzuu akakimbia. Bodaboda mmoja alimwambia mwenzake kwamba baraza ile ina jini. Ati jini! Baba yangu, aliyewakatia mama zao khanga za kuwabebea! Nilimfuata hadi kijiweni kwao nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki, akaniomba radhi, lakini habari ya jini ina miguu kuliko radhi. Watoto wakaanza kuzungukia njia ya nyuma. Waliobaki kupita walipita mbio, na wachache walioamkia waliamkia wakiwa mbele tayari, sauti inatoka mgongoni. Jibu la baba likiwa tayari kinywani, hakuna mtu.

Niliona neno linavyoanza kupata kutu. Asubuhi nikimwamkia, midomo inakusanyika, pumzi inatoka, sauti hapana. Nikimngoja sana ananitazama kwa aibu, naye hakuwahi kuwa mtu wa aibu. Nikawa silali vizuri wala sishoni vizuri. Nilitembea uani, mlangoni, uani. Hasira nilikuwa nazo za kugawa mtaa mzima, ila sikujua nimpe nani.

Nikafanya nilichojua. Nikatundika balbu yangu mwenyewe juu ya baraza. Loo! Jicho la nguzo likaona mwanga, likadhani ni mchana, taa ikagoma kuwaka kabisa, na mwenye nyumba ya jirani akaja kuniuliza nimewafanya nini. Nikaitoa balbu. Nikafunga kamba, nikaanika khanga mbele ya nguzo ili upepo uipeperushe na jicho lidhani kuna watu. Hiyo ikafanya kazi, tena vizuri mno. Taa iliwaka bila kupumzika, nami nikalala nikijisifu kwamba nimeishinda kompyuta. Kabla ya alfajiri betri ikaisha. Shoga yangu huamka saa hizo kuwahi samaki wa kuuza, na ile ndiyo saa anayoihitaji taa kuliko sisi wote. Akatoka kizani, akaingia mguu mzima kwenye mtaro.

Alikuja kwangu anachechemea, khanga yangu ameikunja mkononi.

"Shoga," akasema, "nampenda baba yako. Lakini mguu huu ndio unaolisha wanangu."

Nikachemsha maji ya chumvi nikamkanda. Tulikaa kimya muda mrefu, na sisi hatukuwahi kukaa kimya pamoja tangu utoto.

Nikaacha ujanja, nikaandika malalamiko kwenye simu, kwenye ile programu ya mradi. Likaja jibu papo hapo kunishukuru kwa kuchangia mji endelevu. Nikaandika tena. Nikashukuriwa tena. Nikaandika kwa ukali hadi vidole vikauma, nikashukuriwa kwa maneno yale yale. Mwisho nikapiga simu kila siku, hadi akaja mhandisi mwenyewe, kijana wa watu, na kompyuta yake bapa mkononi. Aliingia akisema, "Shikamoo mzee," huku macho yako kwenye kioo, akapita moja kwa moja kwenye nguzo. Nikamwona baba anaanza kukusanya midomo. Alipoipata pumzi, kijana alikuwa juu ya ngazi.

Aliposhuka nikamwambia akae.

"Hapana mama, niko sawa, nasimama."

"Sikukuuliza kama uko sawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaa."

Akakaa. Jua lilikuwa limezama. Taa ikawaka, ikazima, akarusha mkono bila kufikiri, kisha akauangalia mkono wake kama si wake. Akanionyesha kioo. Mtaa wetu ulikuwa humo, umechorwa vizuri, na vidoti vya manjano vinatambaa penye wapita njia. Hapo tulipokaa sisi watatu palikuwa peupe. Akaniambia nipunge. Nikapunga, kidoti kikatokea. Nikashusha mkono, kidoti kikafifia, kikapotea.

"Kwa hiyo huyu baba yangu," nikamuuliza, "kwenu yupo au hayupo?"

Kijana akakitazama kioo tena. Akasema kompyuta inaonyesha jioni mtaa huu hauna watu, na ndiyo maana awamu ijayo nguzo za nyongeza zimepangwa kwingine. Mtaa uliokaa barazani tangu babu zetu, ati hauna watu! Lakini hakuwa na ubishi, alikuwa ameona mwenyewe. Alisema anaweza kuirekebisha nguzo yetu iwake jioni yote, ila betri ni ile ile, ikiliwa jioni yote alfajiri itakuwa tupu. Betri kubwa ataziomba, hawezi kuahidi. Tuamue sisi.

Mwenyekiti akatuita. Mie nikasema yangu yote, kwa sauti, na watu waliinamisha vichwa kwa sababu wanampenda baba. Kisha shoga yangu akanyoosha mguu wake uliofungwa kitambaa. Walipoulizwa nani anataka taa ya alfajiri, mikono ikapanda, mmoja mmoja, kwa huzuni. Nikaangalia ule mguu. Na mimi nikanyoosha mkono wangu. Nilirudi nyumbani nikavunja sahani, sahani ya mama ya maua ya bluu, na mpaka leo naisikitikia.

Kaka akapata habari, sijui nani alimwambia. Akapiga simu kwamba anakuja Ijumaa, na Jumamosi anaondoka na mzee. Neno la kumwonyesha sikuwa nalo tena. Wiki ile nzima sikulisikia. Nikafua kanzu za baba, nikazipiga pasi, nikazikunja, nikazikunjua, nikazipiga pasi tena.

Kaka akaja Magharibi ikishaswaliwa. Gari aliliacha barabara kubwa, maana kichochoro chetu hakipitishi, akaja kwa miguu anaangalia simu. Alipofika barazani taa ikamwakia usoni, baba huyo mbele yake.

"Mtume!" kaka akaruka, simu ikamponyoka.

Baba akamtazama. Kaka akaiokota simu, akaipangusa, akaanza na mimi pale pale, shikamoo yenyewe ikiwa imepotelea kwenye mshtuko.

"Ndiyo mnamweka hivi? Kizani, peke yake, kama mzigo?"

"Si peke yake, mie nipo mlangoni."

"Dada, hasemi. Kubali. Hasemi, haitikii, unamtoa nje watu wamwogope. Kwangu atakaa kwenye mwanga."

"Na nani?"

"Na mimi!"

"Wewe unayetoka alfajiri na kurudi usiku?"

Tuligombana tumesimama, kisha tumekaa, yeye kulia kwa baba na mie kushoto. Kila taa ilipozima mmoja wetu alirusha mkono, na ugomvi ukaendelea. Nilimwambia habari za mabinti wa madrasa, za vitumbua, za jini. Akasema nimekuwa nikiota. Nikamwambia yeye ndiye aliyesahau kukaa na mtu. Akasema maneno makali kuhusu ndoa yangu, nikamjibu makali kuhusu yake. Katikati yetu baba ametulia, mikono mapajani.

Kisha maneno yakatuishia. Hutokea, hata kwetu. Taa ikazima, na hakuna aliyerusha mkono. Mie nilikuwa nimechoka, wallahi, kwa mara ya kwanza nilichoka hata kutikisika. Kaka naye alikuwa ameweka simu mfukoni. Kiza kikatukalia wote watatu. Nikasikia harufu ya mafuta ya vitumbua ikija kutoka mbali barabarani, na pumzi za baba, na pumzi za kaka zikianza kutulia.

Kaka akasema chini chini, kwa sauti ile aliyokuwa nayo utotoni akirudi chuoni na ubao kwapani:

"Shikamoo baba."

Nilitaka kumwambia ngoja, nikang'ata ulimi. Nilitaka kunyanyuka, kwenda mlangoni, uani, popote, nikashika ukingo wa baraza kwa mikono miwili. Mwanga ungekuwepo kaka angekuwa ameshaangalia saa. Lakini kizani hapakuwa na cha kuangalia, akangoja. Sijui alingoja kiasi gani. Nikasikia midomo ya baba inatafuta, pumzi inakwenda, inarudi, inakwenda.

"Marahaba."

Nikasikia kaka anavuta kamasi upande wake, nikajua analia. Alipoweza, akaamkia tena. Akangoja tena. Akajibiwa. Akaamkia tena, kama mtu mwenye kiu aliyeonyeshwa mtungi, na baba kila mara alimvutia neno lile kutoka chini kabisa na kumkabidhi zima.

Kesho yake kaka aliondoka na gari tupu. Siku hizi huja kila Ijumaa, na kazi yake akija ni kukaa. Betri kubwa bado hazijaja, na kijana wa mradi bado nampigia simu. Ila jioni ile tulikaa hadi Isha ikaadhiniwa, wote watatu, baba akijibu, na hakuna aliyetikisika. Taa haikuwaka. Kwenye kioo cha kompyuta yao, saa ile barazani kwetu hapakuwa na mtu.